Loko Arobaini na Tatu

Mimi ndiye ninayeandika.
Mwaka wa kumi na nne huu kalamu ya chama iko kwangu,
imefungwa kwa uzi wa wavu kwenye mgongo wa daftari,
maana hapa Punta Quillay kalamu huibwa kuliko samaki.

Naandika tarehe, mashua, mzamiaji,
idadi ya loko waliobanduliwa mwambani
na upana wa kila gamba.
Asiyefika sentimita kumi anarudi kwao.
Kipimo chetu ni kipande cha shaba
alichokikata mama kwenye sinia la harusi yake.
Alisema: hili lililisha wageni siku moja,
sasa na lilishe wajukuu.

Wakati ule chini palikuwa peupe.
Wazamiaji walishuka, wakapanda na mikono mitupu,
midomo imegeuka samawati kwa baridi.
Tulikuwa tumemaliza kila kitu, sisi wenyewe,
tukimuuzia mwenye lori aliyekuja usiku
na hakuuliza ukubwa.
Hilo siwasingizii wenye meli.
Nina kesi nyingine nao.

Mama akasimama mkutanoni, mikono inanuka vitunguu,
akasema tuifunge ghuba miaka mitatu.
Nolberto alicheka mpaka akakohoa.
Kura ishirini na moja kwa kumi na tisa.
Tukala viazi.
Tukala mwani wa kuchemsha, na viazi.
Mwaka wa tatu Nolberto huyo huyo aliibuka majini
akashindwa kusema, akaonyesha tu vidole:
kumi, kumi, kumi.

Sasa, Alhamisi.
Zamu ilikuwa ya Eleuterio na tochi yake mbovu.
Gunia moja. Loko arobaini na tatu,
saba kati yao hawafiki kwenye shaba.
Na mbebaji wa gunia ni Belarmino,
tumbo moja nami, ziwa moja.

Alikuja jikoni kwangu usiku ule, hakukaa.
"Andika mtu asiyejulikana," akasema.
"Dada, damu nzito kuliko maji."
Nikamwambia: maji gani? Haya yetu yana chumvi.

Akanyamaza. Kisha akanionyesha dirisha kwa kidevu.
Kule nje ya mpaka wetu
taa za meli zilikuwa zimejipanga
kama mji usio na kanisa.
"Wale wanachokivuta kabla chai yako haijapoa
mimi sikimalizi maisha yangu yote.
Wale nani anawaandika?"

Nilitafuta jibu.
Bado nalitafuta.
Nilichokuwa nacho mezani ni daftari.

Nikaandika: Belarmino Catrilef Oyarzo,
herufi zote, bila mkato,
na kwa kuwa kwetu jina la ukoo wa mama hukaa mwisho,
mama naye akaingia kwenye ukurasa wa wezi.
Chini yake nikatia sahihi yangu:
Catrilef Oyarzo, yale yale.

Hukumu ya chama: msimu mzima nchi kavu.
Lakini kwanza awarudishe.

Loko ukimtupa tu huanguka chali,
na kiti cha pweza humla kabla hajageuka.
Sharti awekwe kwa mkono,
mguu wake ukilielekea jiwe,
umshikilie mpaka ashike.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji.
Hakuna aliyetaka kumshikia mpira wa hewa.
Nikaushika mimi.
Kila mmoja aliyeshika jiwe, Belarmino alivuta mara moja;
nami nikapiga mstari, mstari, mstari,
karatasi ikilowa chini ya kiganja.

Baada ya mvuto wa arobaini na tatu
mpira ulitulia.
Hakupanda. Povu lake lilikuwa likija polepole, mahali pamoja.
Sikumharakisha.
Kompresa ikaendelea kunguruma, ikichoma dizeli ya chama,
na dizeli hiyo pia
nimeiandika.